Mibonyezo Mitatu

Jumamosi ile, tangu kulipokucha, Kiherehere hakuwa amekalisha makalio yake mahali kwa dakika mbili mfululizo. Jina hilo hakupewa na wazazi. Shangazi yake ndiye aliyembandika akiwa na miaka minne, na lilimkaa vizuri kiasi kwamba hata sasa, mwanamke mzima wa miaka thelathini na mitatu, wapo majirani wasiojua kama ana jina jingine. Chai aliinywa amesimama. Mkate aliusahau juu ya friji. Alikunja waya, akaukunjua, akaukunja upya. Alifungua mkoba kuhakikisha glavu zimo, akafunga, akafika mlangoni, akarudi kuhakikisha tena, utafikiri glavu zina miguu ya kutorokea.

"Mwanangu, utatutoboa sakafu," shangazi alisema kutoka jikoni.

"Nataka niwahi."

"Onyesho ni saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Na sasa hivi ni saa tatu ya asubuhi. Huo ukumbi uko wapi, mwezini?"

Hebu nizieleze hizo glavu kwanza, maana kesi yote ni yao. Zilikuwa mbili, nyeusi, za kitambaa cha kuvutika. Mgongoni mwa kila kidole ulipita waya mwembamba hadi kwenye kijisanduku kilichofungwa kifundoni mwa mkono, na ndani mlikuwa na vihisi, yaani vidude vya kusikia mwendo. Ukizivaa ukainua mkono, kompyuta inajua kwamba umeinua, na spika zinatoa sauti inayopanda. Ukishusha, nayo inashuka. Ukifumba ngumi, kimya. Ukichezesha vidole upesiupesi, zinamiminika sauti ndogondogo, kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Hakuna ngoma wala kinanda. Wanaoona kwa mara ya kwanza huinama kuangalia chini ya meza, wakimtafuta mtu aliyejificha.

Kijisanduku, waya na kulehemu, vyote vilikuwa kazi ya mikono ya baba yake. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na miaka thelathini na minane alikuwa amefungua na kufunga redio za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Binti alikuja na wazo, baba akalitia waya. Mwaka mzima walikaa kwenye meza ya chumba kile wakibishana, huyu akitaka haraka, yule akitaka sawasawa, na kusema kweli ulikuwa mwaka wa raha kuliko yote ambayo Kiherehere angeweza kukumbuka.

Sasa, glavu hazimfanyii mtu kazi mpaka zimpime. Mvaaji ananyoosha mikono mbele na kutulia kwa kuhesabu kumi, na katika kumi zile mashine inajifunza utulivu wa mkono ule ulivyo. Baada ya hapo, chochote kinachofanana na utulivu huo inakipuuza, na kinachobaki ndicho inachokigeuza sauti. Mashine yenyewe haidai mkono wa sanamu. Inadai mkono unaofanya jambo lilelile tangu moja hadi kumi. Lakini mkono wa Kiherehere, jamani! Kwa kuhesabu kumi ungefanya mambo kumi na mawili. Walijaribu siku nzima, na taa ikawaka nyekundu mara kumi na moja.

Ndipo Fundi akaja kusimama nyuma yake na kuanza kumhesabia, kwa ile sauti ya taratibu aliyoitumia kwa wateja wakorofi. "Moja... Mbili... Tatu..." Ilipofika saba mabega ya binti yakashuka yenyewe. Kumi, taa ya kijani.

"Hiki kipimo tumekipata kwa jasho," Fundi alisema. "Kisiguswe."

Na ili kisiguswe, akabuni ulinzi. Kitufe cha kijisanduku cha kushoto kikibonyezwa mara moja, taa inawaka kuonyesha kwamba waya zote ni nzima. Kikibonyezwa mara tatu harakaharaka, kinaanza kipimo kipya, na kipimo kipya kikikubali, cha zamani kinafutika. "Mara tatu harakaharaka huwezi kubonyeza kwa bahati mbaya," alisema kwa kujivuna. "Labda uwe umerukwa na akili."

Mwaka uliofuata mikono yake ikaanza kutetemeka.

Ilianza na wa kushoto, ukafuata wa kulia. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake refu, akampa vidonge ambavyo asubuhi vinasaidia na mchana vinachoka. Fundi alijikaza. Alifanya kazi saa zile za vidonge, akaacha vitu vidogo, akabaki na vikubwa. Mpaka siku moja, miezi minane iliyopita, mteja wake wa siku nyingi alimtazama akikosa tundu la skrubu mara ya tano, akaichukua redio yake polepole mezani. "Pumzika tu, mzee wangu," alimwambia. "Umetufanyia mengi." Angemtukana ingekuwa afadhali. Tangu siku ile Fundi aliitia mikono yake mifukoni na haikutoka mbele za watu. Chai alikunywa akiwa peke yake. Mchana kutwa alikaa chumba cha mbele, na kiti alikigeuza ili meza yake iwe mgongoni.

Jumanne iliyopita, wakati wa chakula, alitangaza kwamba fundi wa mtaa wa pili atakuja Jumatatu na mkokoteni. Angebeba meza, makabati, mita, chuma cha kulehemu, vyote. "Vinakula vumbi tu," alisema, akarudi kwenye kiti chake.

Hapo ndipo Kiherehere alipoanza kuzunguka kama pia. Aliziogopea glavu, tusimfanye malaika, kwa sababu waya zilikuwa zimezeeka na hakuna fundi mwingine aliyezijua. Lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba kwa miezi minane alikuwa anamwona baba yake akiisha, na alijua kabisa kwamba meza ikitoka kwenye chumba kile, na yeye ndiyo basi tena. Alitaka jambo moja tu: mzee aje ukumbini Jumamosi, aone kazi yake inavyolia mbele za watu, pengine moyo utamgeuka kabla ya Jumatatu. Alimwomba mara tatu.

"Nije kufanya nini?" Fundi alijibu mara zote tatu.

Shangazi, dada mkubwa wa Fundi, ndiye aliyekata maneno. "Basi usije kwa ajili yake, njoo kwa ajili yangu. Mimi ngazi za ule ukumbi siziwezi peke yangu." Huyo ni shangazi ambaye wiki moja nyuma alipandisha gunia la viazi begani hadi nyumba ya juu bila kupumzika. Fundi alimkodolea macho muda mrefu. Halafu akaenda kutafuta viatu.

Saa saba na nusu walikuwa chumba cha nyuma ya jukwaa. Kilikuwa chumba cha kuhifadhia: viti vya plastiki vimepandana hadi darini, meza yenye mguu mmoja mfupi, dirisha linalotazama ukuta wa jengo la jirani. Shangazi aliingia ukumbini kuwahi viti vizuri, ingawa ukumbi ulikuwa mtupu. Fundi alisimama dirishani, mikono mifukoni, akautazama ule ukuta kama unaonyesha taarifa ya habari.

Kiherehere alivaa glavu, akainua mkono wa kushoto. Spika ndogo ya majaribio ikatoa mkwaruzo. Akainua tena. Mkwaruzo tena, kisha kimya.

"Gumba," alisema kwa sauti. Waya wa gumba ulikuwa umelegea pale unapoingia kwenye kijisanduku.

Alimtazama baba yake. Baba yake alitazama ukuta. Maneno yalimfika binti kwenye ulimi, akayameza. Angemwomba vipi mtu afanye kazi wakati dunia imeshamwambia apumzike? Akavua glavu, akachukua kibano, akaanza kuupapasa mwenyewe, na kwa papara zake waya ukatoka kabisa.

"Lo! Nimekwisha."

"Dada!" Jamaa wa mitambo ya sauti aliingiza kichwa mlangoni. "Njoo mara moja, spika ya kulia inanguruma, na mimi sijui kama ni yangu au ni yako."

Aliziacha glavu mezani akatoka mbio. Walihangaika na ile spika robo saa, wakichomeka na kuchomoa, mpaka ikajulikana kwamba feni ya kusimama ilikuwa kwenye soketi moja nayo. Wakaihamishia soketi nyingine. Aliporudi alikuwa ameshajiandaa kwenda jukwaani kuwaomba watu radhi.

Glavu zilikuwa mezani, lakini ya kulia ilikuwa juu ya ya kushoto, na yeye alikuwa ameziacha mbalimbali. Waya wa gumba ulikuwa umerudishwa mahali pake na kuzungushiwa uzi mweusi wa kushonea, mara nyingi, ovyoovyo kidogo, ukafungwa fundo. Karibu yake palikuwa na kifungo cha shati. Shati la Fundi lilikuwa limepungua kifungo kimoja kifuani, na uzi wake.

Fundi alikuwa dirishani vilevile, mikono mifukoni vilevile. "Itashika," alisema bila kugeuka. "Kwa leo itashika."

Kiherehere alitaka kumrukia shingoni. Akaogopa kuharibu. Miezi minane mtu huyu hajagusa waya, leo kagusa, na ukimshangilia anaweza kukunja uso na kuondoka zake. "Asante, Baba," alisema tu, na Fundi akaguna.

Alibonyeza kitufe mara moja. Kijani. Alitaka kujaribu zaidi, lakini mama mratibu, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo na saa mbili mkononi, aliingia akipiga makofi. "Milango imefunguliwa, hakuna kupiga kelele tena! Mzee, wewe ni msanii au ni mgeni? Mgeni? Basi pitia huku ukakae."

Saa tisa kamili Kiherehere alikuwa jukwaani. Watu walikuwa wengi kuliko alivyotegemea, zaidi ya nusu ya ukumbi: wanafunzi, wazazi, majirani, na safu nzima ya walimu waliokunja nne. Mstari wa tatu, kando ya njia, alikuwa shangazi na mkoba wake mapajani, na pembeni yake Fundi. Kompyuta mpakato ilikuwa juu ya meza upande wa kushoto. Alivuta pumzi, akainua mikono, akachezesha vidole kwa ule mwendo wake wa kasi ambao ndio hufungua onyesho.

Kimya.

Akachezesha tena, kwa kasi zaidi. Kimya, isipokuwa feni. Mtu mmoja alikohoa. Jamaa wa mitambo, akidhani kosa ni lake, akapandisha sauti, na spika zikapiga mluzi uliowafanya walimu wazibe masikio. Akashusha. Kiherehere akatupa mkono juu kwa hasira, na hapo ikatoka sauti moja nzito, ikakatika. Kwa hiyo betri zilikuwa hai na waya zilikuwa nzima. Ila vidole, vile vidole vyake vya mbio vilivyompa jina mjini, mashine haikuvisikia hata kimoja. Nyuma kabisa watu wakaanza kucheka.

Kiherehere akashusha mikono. Akaenda kwenye kompyuta, akafungua ukurasa wa kipimo. Kwa miaka mitatu ukurasa ule ulikuwa na mstari mmoja ulionyooka, kama uzi uliovutwa: ule utulivu wake wa kuhesabiwa. Sasa mstari haukuwepo. Palikuwa na mawimbi madogo, yamefuatana sawasawa, matano kwa kila sekunde, hayazidi wala hayapungui.

Aliyajua mawimbi yale. Alikuwa ameyaona kwenye kikombe cha chai. Alikuwa ameyaona kwenye kurasa za gazeti, na kwenye kijiko kinachogonga sahani.

*Amezivaa*, alijiambia. *Mungu wangu, Baba amezivaa.*

Ajabu ni kwamba furaha ndiyo iliyotangulia. Mzee wake alikuwa amezivaa zote mbili, amejaribu kazi yake kama fundi anavyojaribu, na kidole chake kimebonyeza pasipo yeye kutaka, moja-mbili-tatu, harakaharaka. Halafu mashine ikaupokea ule mtetemo kuwa ndio utulivu wa mkono huu. Na vidole vya Kiherehere, vinavyokwenda kasi ileile, sasa ilivihesabu kuwa si kitu. Furaha ilipopita, hofu ikaja kwa miguu yote. Kipimo cha zamani kilikuwa kimefutika, na mbele yake walikuwa watu mia mbili wanaongoja.

Dawa ilikuwa moja, kujipima upya. Akabonyeza mara tatu, akanyoosha mikono mbele. Moyo ulikuwa unamwenda mbio hadi kwenye kucha. Nyekundu. Akabonyeza tena. Akauma meno, akafumba macho, akahesabu kimoyomoyo, akajikuta amefika kumi kabla hata mashine haijafika nne. Nyekundu. Kicheko sasa kilikuwa kimetoka nyuma na kufika katikati. Pembeni ya pazia mama mratibu alimwonyesha vidole vitano, dakika tano, na uso wake haukuwa wa mchezo.

Akabonyeza kwa mara ya tatu. Mikono ikacheza. Alijua itakuwa nyekundu tena.

"Moja," sauti ilisema.

Ilitoka mstari wa tatu. Fundi alikuwa amesimama. Alikuwa mwekundu wa macho na mikono bado iko mifukoni, lakini alikuwa amesimama katikati ya watu, naye hakuwa ameinua sauti yake mbele za watu kwa miezi minane.

"Mbili."

Ukumbi ukanyamaza. Wengine walidhani ni sehemu ya onyesho, wakakaa vizuri.

"Tatu... Nne..."

Pumzi za Kiherehere zikaanza kushuka. Ilikuwa sauti ileile ya wateja wakorofi, imepungua nguvu kidogo tu. "Tano... Sita..." Vidole vikapoa kimoja kimoja. "Saba." Mabega yakashuka, kama ilivyokuwa siku ile chumba cha mbele, na akajua kabisa kwamba safari hii taa itakuwa kijani. Kijani, na onyesho litaendelea, na watu watapiga makofi. Kijani, na mawimbi yale matano kwa sekunde yatafutika. Jumatatu mkokoteni utakuja.

"Nane."

Akaishusha mikono. Taa ikawaka nyekundu.

"We Kihere!" Fundi alisahau kwamba yuko mbele za watu. "Zilibaki mbili tu!"

Watu waliangua kicheko, lakini cha namna nyingine sasa. Kiherehere hakucheka. Alivua glavu palepale, akashuka ngazi za jukwaa, akaenda hadi mstari wa tatu na kusimama mbele ya baba yake.

"Sitaki kukifuta, Baba."

"Kufuta nini?"

"Kipimo chako."

Fundi alitazama chini. Alipozungumza alizungumza polepole, kwa binti yake tu, ingawa mstari mzima ulisikia. "Nisamehe. Nilitaka kuona taa, basi. Nilibonyeza mara moja. Hizo nyingine mbili kidole kimejibonyezea chenyewe."

"Najua."

"Nimekuharibia."

"Hujaharibu. Mimi hazinitaki tena, zinakujua wewe." Akamnyooshea. "Panda ukazijaribu."

"Mbele za watu wote hawa?" Alitikisa kichwa. "Mwanangu, usinitie aibu. Kikombe cha chai chenyewe kinanishinda."

Kiherehere aliogopa kwamba amekosea, kwamba amemfikisha mzee wake mahali pa kumdhalilisha, na kama angekuwa na akili angepanda mwenyewe, akamalizia zile mbili zilizobaki. Shangazi ndiye aliyeingilia.

"Sikilizeni, nyie," alisema, mkoba ameukumbatia. "Hiki kiti kimenichoma tangu saa saba na nusu. Kama hapa kuna mtu anayejua kuzifanya hizo glavu zilie, na ainuke azilize. Kama hakuna, semeni, twende nyumbani tukapike."

Fundi alimtazama dada yake. Akamtazama binti yake. Kisha, na hakuna aliyemshika wala kumsukuma, akaitoa mikono yake mifukoni.

Ilitetemeka hapo, wazi, mbele ya walimu na wanafunzi na majirani, na mtu yeyote mwenye macho aliiona. Hakuna aliyecheka. Kiherehere alipiga goti moja akamvisha glavu kidole kwa kidole, akianzia gumba, kama mzee alivyokuwa akimvisha yeye soksi za shule zamani. Gumba la kushoto alilivisha kwa uangalifu, kwa ajili ya ule uzi wa kifungo.

Fundi alipanda ngazi polepole. Alisimama pale ulipochorwa msalaba wa chaki, akatafuta mahali pa kuiweka mikono, akakosa. Akaiacha ining'inie. Halafu, kama mtu anayenyanyua kitu asichojua uzito wake, akainua mkono wa kulia.

Sauti ikapanda.

Mkono ulikuwa unatetemeka, kila mtu aliuona, lakini sauti haikutetemeka. Ilipanda imenyooka, nyembamba, safi, haina hata kikwaruzo. Mashine ilikuwa imejifunza mtetemo ule na kuuweka kando, ikabakiza kile tu alichokusudia kufanya. Fundi aliusitisha mkono usawa wa kifua, na sauti ikasita hapohapo alipotaka. Akageuza kichwa akaitazama spika. Akautazama mkono wake.

"Hiyo ni mimi?" aliuliza kwa nguvu, na kipaza sauti kikamnasa.

"Ni wewe, Baba."

Muziki wenyewe haukuwa mzuri sana, tusidanganyane. Fundi hakuwa mwanamuziki. Alifanya alichofanya maisha yake yote, yaani kujaribu. Akapandisha kulia, akashusha. Akapandisha kushoto, ikaja sauti ya chini, akaiacha ikae. Akafumba ngumi, kimya, akafumbua. Alikuwa anatafuta, kama mtu anayezungusha redio kutafuta stesheni, na uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa mezani, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa midomo. Mwishowe aliileta mikono yote miwili mbele ya kifua, taratibu mno, sauti ya juu ikashuka na ya chini ikapanda, mpaka sauti mbili zikakutana zikawa moja. Akaishika hapo. Alifumba macho akaishika, haikuyumba, na machozi yakamtoka bila kuyafuta, kwa sababu angeinua mkono kuyafuta angeiharibu.

Shangazi ndiye aliyegundua kwamba Kiherehere, aliyepiga goti kando ya njia, hakuwa ametikisa hata kidole tangu sauti ya kwanza.

Watu walipiga makofi mpaka jamaa wa mitambo akasahau kuzima kipaza sauti, na mama mratibu akavua miwani kuifuta. Kisha wakarudi chumba cha viti vya plastiki. Fundi alikalia meza ya mguu mfupi. Shangazi alimletea maji, akayanywa mbele yao wote wawili, nusu yakamwagikia shatini pale penye kifungo kilichokosekana, wala hakujali. Glavu alikataa kuvuliwa. Alikuwa amekigeuza kile kijisanduku cha kushoto, anakichunguza kwa jicho moja.

"Mibonyezo mitatu," alisema kwa dharau. "Upuuzi mtupu. Nani aliyefikiria kitu kama hiki?"

"Wewe, Baba."

"Na nafasi ya kuweka kipimo kimoja tu, kana kwamba duniani kuna mtu mmoja?"

"Wewe huyohuyo."

Fundi alifyonza. "Tutafungua. Ziwe nafasi mbili, yako na yangu. Chuma utakishika wewe, mimi nitakuelekeza, na usiniletee papara zako. Jumatatu asubuhi, nikishameza vidonge."

Kiherehere aliogopa kusema na aliogopa kunyamaza, na shangazi alikuwa tayari ameshamkanyaga mguu, lakini yeye ni yeye, maneno yakamtoka. "Jumatatu yule fundi anakuja na mkokoteni, Baba. Kuchukua meza."

Fundi alikuwa bado anakikodolea macho kile kitufe.

"Aje tu," alisema. "Atatusaidia kuisogeza dirishani. Pale ilipo hakuna mwanga."